Muulize Mama Fundi: Kompyuta ya injini hujuaje petroli ya kumwaga?

Barua za safari hii nyingi zinagusa jambo moja, yale majedwali ya namba yaliyomo ndani ya kompyuta ya injini. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu ukiielewa hiyo, zinazofuata zinajijibu nusu.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ufundi magari. Mwalimu alituonyesha kwenye laptopu jedwali la visanduku 16 kwa 16, akasema humo ndimo kompyuta inamotafuta petroli. Nikauliza kwa nini wahandisi wasiandike kanuni moja ya hesabu badala ya namba 256. Kengele ikalia kabla hajanijibu. Naomba unieleze, hata kama ni kwa hesabu. Siogopi hesabu.

Marahaba mwanangu. Chukua kalamu basi, maana hesabu hii ukiifanya kwa mkono wako mara moja haitoki tena kichwani.

Kabla ya yote kamata hili: kwenye jedwali lile hakuna petroli. Namba zile ni za hewa. Kompyuta haina njia ya kujua moja kwa moja injini inataka petroli kiasi gani. Inachoweza ni kukadiria silinda imevuta hewa kiasi gani, petroli ikafuata kwa uwiano. Gramu 1 ya petroli ya kawaida inahitaji gramu 14.7 za hewa ili vyote viwili viungue viishe. Ukijua hewa, petroli umeijua.

Hewa yenyewe inajulikanaje? Magari mengine yana sensa ya wingi wa hewa, ule waya wa moto ulio kwenye bomba baada ya chujio, ambao hewa ikipita inaupoza na kompyuta inasoma umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Mengine hayana waya huo. Yana sensa ya presha kwenye manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, sensa ya joto la hewa na sensa ya kranki inayohesabu mizunguko ya injini kwa dakika. Kwa presha na joto, kompyuta inajua hewa iliyo mlangoni mwa silinda ni nzito kiasi gani. Isichojua ni sehemu gani ya hewa hiyo itaingia ndani kweli katika ule muda mfupi ambao vali iko wazi. Hapo ndipo inapofungua jedwali. Kila kisanduku kinaiambia: kwa mizunguko hii na presha hii, silinda ya injini hii hujaa kwa asilimia fulani.

Sasa, mbona isiwe kanuni? Nina daftari la mraba ninamonakili kwa penseli majedwali ya injini ninazozipima. Nanakili kwa mkono kwa sababu mkono unaona vitu ambavyo jicho huvirukia kwenye skrini. Nakusomea mstari mmoja wa injini ya lita 1.6, kilango cha hewa kikiwa wazi kabisa. Mizunguko 1,000: 68. Mizunguko 2,000: 78. Mizunguko 3,000: 85. Mizunguko 3,500: 83. Mizunguko 4,500: 93. Mizunguko 5,500: 88. Mizunguko 6,500: 77.

Umeliona lile shimo pale 3,500? Namba inapanda, inashuka kidogo, inapanda tena. Siku ya kwanza nilidhani nimekosea, nikapima mara 3. Shimo likabaki palepale. Hewa kwenye mabomba ya manifoldi haitiririki kama maji ya mferejini. Inakwenda kwa kusukumwa na kukatwa, kusukumwa na kukatwa. Kila vali inapofunguka na kufunga, wimbi la presha linakimbia kurudi juu ya bomba, linafika kwenye chemba ya hewa ya manifoldi, linageuka. Likirejea na kuikuta vali iko wazi, linasindika hewa ya ziada ndani ya silinda. Likiwahi au likichelewa, silinda inapata pungufu. Safari ya wimbi hilo inategemea urefu wa bomba na joto la hewa, wakati vali inafuata mizunguko, kwa hiyo kuna mizunguko ambayo viwili hivyo vinapatana na mingine ambayo vinapishana. Changanya na moshi unaorudi nyuma kidogo pale vali ya kuingiza na ya kutoa zinapokuwa wazi kwa pamoja. Changanya na hewa inayokosa muda wa kujaa injini ikienda kasi sana.

Hesabu ya kueleza mambo yote hayo ipo, ila ni hesabu nzito ya kompyuta za ofisini. Ya kwenye gari haina nafasi hiyo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, silinda moja inadai petroli yake kila baada ya milisekunde 20, na wenzake watatu nao wako kwenye foleni. Kusoma namba ambayo mtu alishaipima na kuiandika ni kazi ndogo mno. Ndiyo sababu jedwali likashinda. Bosch walipotoa D-Jetronic mwaka 1967, kwenye Volkswagen 1600, ilikuwa tayari inasoma presha ya manifoldi, lakini hesabu ilifanywa na saketi za transista, bila jedwali la namba ndani yake. Mwaka 1979 wakaja na Motronic kwenye BMW 732i, na humo ikakaa kompyuta ndogo ya dijitali inayosoma kumbukumbu, ikiendesha petroli na moto wa plagi pamoja. Tangu hapo mapishi ya injini yakawa ni namba kwenye visanduku.

Haya, tufanye zamu moja ya kompyuta. Injini ni hiyohiyo ya lita 1.6, silinda 4, kila moja lita 0.4. Mizunguko 2,750, presha ya manifoldi kilopaskali 50, joto la hewa nyuzi 40.

Kwanza jedwali. Hakuna safu ya 2,750 wala mstari wa 50. Kuna safu ya 2,000 na ya 3,000, kuna mstari wa 40 na wa 60. Wanafunzi wengi hudhani kompyuta inachagua kisanduku kilicho jirani zaidi. Ingekuwa hivyo ungeisikia injini ikishtuka kila inapovuka mpaka. Inachofanya ni kuchukua visanduku vyote vinne vinavyoizunguka na kuvigawana kadiri ya ukaribu. Tuseme mstari wa 40 una 66 kwenye safu ya 2,000 na 72 kwenye safu ya 3,000. Mstari wa 60 una 74 na 82. Mizunguko 2,750 imeshapita robo tatu ya njia kutoka 2,000 kwenda 3,000. Robo tatu ya tofauti ya 66 na 72 ni 4.5, basi mstari wa 40 unatupa 70.5. Robo tatu ya tofauti ya 74 na 82 ni 6, mstari wa 60 unatupa 80. Presha 50 iko katikati kabisa ya 40 na 60, kwa hiyo tunachukua katikati ya 70.5 na 80. Ni 75.25. Tuite asilimia 75.

Pili, uzito wa hewa. Joto linahesabiwa kutoka sifuri halisi, 40 jumlisha 273 ni 313. Kwa presha hiyo na joto hilo, lita moja ya hewa ina gramu 0.557. Lita 0.4 zina gramu 0.223. Silinda imejaa asilimia 75 tu, basi imevuta gramu 0.167, yaani miligramu 167.

Tatu, petroli. 167 gawa kwa 14.7 ni miligramu 11.4. Ishike mkononi namba hiyo, mwanangu. Miligramu 11 na kidogo, unyevu tu wa kupangusa kwa ncha ya kidole, ndiyo inayosukuma pistoni mara moja.

Nne, muda. Nozeli, ile inayorusha petroli, haijui miligramu, inajua kufunguka na kufunga. Kama ni nozeli ya sentimita za ujazo 200 kwa dakika, na petroli ina gramu 0.74 kwa sentimita ya ujazo, inatoa miligramu 2.47 kila milisekunde. 11.4 gawa kwa 2.47 ni milisekunde 4.6. Juu yake ongeza muda ambao sindano ya nozeli inautumia kujivuta kabla petroli haijaanza kutoka, tuseme milisekunde 0.9. Kompyuta inaifungua nozeli kwa milisekunde 5.5. Mzunguko mzima wa silinda hiyo unachukua milisekunde 43.6, kwa hiyo nozeli imekaa wazi kama sehemu moja ya nane ya muda, ikafunga, ikangoja.

Vingine vinapanda juu ya msingi huo. Kuna jedwali la lengo linalosema lini tusifuate 14.7: ukikanyaga mpaka chini, injini hupewa petroli zaidi, karibu 12.9 kwa 1, kwa ajili ya nguvu na kupoza. Kuna nyongeza ya injini baridi, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi. Kuna nyongeza ya kukanyaga ghafla, maana sehemu ya petroli inayorushwa inanata ukutani mwa bomba la manifoldi na haifiki kwa wakati. Na ukiachia mafuta kwenye mteremko huku gia imeshika, nozeli zinafungwa kabisa.

Kazi ya nyumbani: rudia hesabu hii kwa joto la hewa la nyuzi 10 badala ya 40, vingine vyote vibaki. Uone mwenyewe kwa nini sensa ndogo ya joto ikidanganya gari zima linaumwa.

Mama Fundi, gari langu limewasha taa ya injini, fundi akasoma msimbo P0171. Amenionyesha kwenye mashine kwamba marekebisho ya muda mrefu yamefika +19. Anasema hesabu ya kompyuta imechoka, atainua namba za jedwali kwa asilimia 19 na taa itazima. Nimruhusu?

Usimruhusu, ndugu yangu. Nakuomba sana.

P0171 ni kompyuta yenyewe inakulalamikia kwamba mchanganyiko ni mwepesi kuliko inavyoweza kurekebisha. Baada ya kufanya hesabu niliyoieleza hapo juu, inasubiri sensa ya oksijeni kwenye eksozi imwambie kama ilipatia. Sensa ya kawaida inatoa karibu volti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito na karibu 0.1 ukiwa mwepesi. Kompyuta inaongeza na kupunguza kidogokidogo kufuata sensa hiyo, hayo ndiyo marekebisho ya muda mfupi, na ikiona kila siku inaongeza tu, inaandika nyongeza hiyo kwenye kumbukumbu ya muda mrefu. Hiyo +19 maana yake jedwali linasema hewa fulani imeingia, na eksozi inasema imeingia zaidi, au petroli imetoka pungufu. Jedwali lilipimwa kwenye injini nzima na namba hazichakai zikiwa zimekaa. Kilichobadilika ni injini.

Mwambie fundi wako asiangalie namba moja. Aangalie inavyotembea. Gari likiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, anaona ngapi? Apandishe mizunguko mpaka 2,500 ashikilie, anaona ngapi? Ikiwa +19 ya sailensi inateremka hadi +3 kwenye 2,500, kuna hewa ya wizi, hewa inayoingia nyuma ya sensa ya wingi wa hewa bila kuhesabiwa. Tundu la mpira uliopasuka linapitisha hewa karibu kiasi kilekile, na kiasi hicho ni kikubwa ukilinganisha na hewa ya sailensi, ni kidogo ukilinganisha na hewa ya mwendo. Ikiwa kinyume chake, sailensi iko sawa na namba inapanda kadiri unavyolikamua gari, fikiria petroli: pampu imechoka au chujio limeziba. Ikiwa +19 iko palepale popote, presha ya petroli iko chini au sensa ya hewa inapima pungufu.

Hewa ya wizi utaipata kwa mikono. Chukua koleo lenye midomo laini, bana mipira ya vakyumu mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma, na jicho lako likae kwenye marekebisho ya muda mfupi. Mpira utakaoubana na namba ikaanguka hapohapo, huo ndio, au kitu kilicho mwisho wake. Naupenda mno wakati ule. Unabana, na namba inashuka mbele yako.

Nina sababu ya kukuomba kwa nguvu hivi. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa gari lenye kompyuta ya kupangika, linakunywa mafuta, plagi nyeusi kama zimepakwa masizi ya sufuria. Nilikuwa nimejifunza majedwali karibuni na mikono ilikuwa inaniwasha. Nikafungua laptopu, nikapunguza jedwali lote kwa asilimia 15. Gari likatulia, plagi zikarudi rangi ya udongo, mwenye gari akanishukuru.

Wiki mbili baadaye likarudi likiwa limefungwa kamba. Alikuwa anapandisha mlima na mzigo, injini ikaanza kupiga chafya kwenye manifoldi, kisha ikagonga, kisha nguvu zikaisha. Nilipofungua, pistoni ya silinda ya 3 ilikuwa imelika ukingoni, imemegeka kama biskuti.

Nilikaa na injini ile siku nzima nikitafuta. Nikaipata kwenye soketi ya sensa ya joto la maji. Ndani yake pini moja ilikuwa na kutu ya kijani. Sensa ya aina ile, maji yakiwa nyuzi 80, ina omu 320 hivi, na maji yakiwa nyuzi 20 ina omu 2,500. Kutu ile ilikuwa ikiongeza zaidi ya omu 2,000 kwenye njia ya umeme. Injini imechemka barabara, kompyuta inasoma nyuzi 20, inaidhania imeamka sasa hivi, inaimwagia nyongeza ya injini baridi asilimia 18. Mimi sikuitazama hata mara moja namba ya joto la maji. Nikapunguza jedwali kuficha nyongeza hiyo. Kisha mtu akabadilisha mpira wa maji, akaitikisa soketi, pini ikashika vizuri. Nyongeza ya uongo ikaondoka, punguzo langu likabaki. Kwenye sailensi sensa ya oksijeni iliweza kulifidia kwa sehemu. Kwenye mlima, kilango cha hewa kikiwa wazi, kompyuta ile ilikuwa haifuati sensa, inafuata jedwali peke yake, na jedwali lilikuwa pungufu kwa mkono wangu.

Pistoni niliinunua mimi. Ile iliyolika bado iko kwenye rafu juu ya meza yangu ya kazi, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu naanza kwa kumpa aishike.

Fundi, nimetoa nozeli za 200 nikaweka za 400, nina mpango wa kufunga tabo baadaye. Kwa kuwa zinatoa mara mbili, nimegawa jedwali lote kwa 2. Kwenye mwendo gari liko sawa, ila sailensi linatetemeka, linamisi, na usiku nikiwasha taa linazidi. Jedwali la sailensi nilisahihishe vipi?

Kwanza rudisha jedwali lako lilivyokuwa. Injini yako inavuta hewa ileile ya juzi, hakuna sababu jedwali la hewa liseme nusu. Kuna mahali pengine kwenye programu pameandikwa ukubwa wa nozeli. Hapo ndipo pa kuandika 400.

Baada ya hapo utabaki na tatizo lenyewe, na taa zako zimelitaja. Kumbuka ule muda wa sindano kujivuta. Si sawa kwa nozeli zote, na unarefuka umeme ukipungua, kwa sababu sumaku inakosa nguvu. Tuseme nozeli za zamani zilikuwa na 0.9 kwa volti 14 na hizi mpya zina 1.2. Kompyuta bado inahesabu 0.9, kila mpigo unakosa milisekunde 0.3. Ukikanyaga mafuta, ambapo nozeli hizi zinahitaji kama milisekunde 6 za petroli, pengo hilo ni asilimia 5, hulisikii. Kwenye sailensi, ambapo zile za 200 zilihitaji milisekunde 2.4 na hizi zinahitaji 1.2, pengo lilelile ni robo nzima ya petroli. Ukiwasha taa, volti zinashuka, muda wa kujivuta unarefuka, robo inakuwa zaidi ya robo.

Tafuta karatasi ya nozeli zako yenye muda huo kwa kila volti, kuanzia 8 hadi 16, uijaze yote kwenye jedwali dogo la betri. Ukinunua nozeli zisizo na karatasi hiyo umenunua kazi ya kubahatisha. Ukimaliza, washa taa, feni na kipasha kioo kwa pamoja ukiwa sailensi. Mchanganyiko usipoyumba, umepatia. Hilo ndilo jaribio langu, na silifungi boneti bila kulifanya.

Mama, habari za kazi. Je, kwenye dizeli mambo ni hayohayo?

Nzuri, baba. Ni majedwali vilevile, ila yamegeuzwa. Dizeli kwa kawaida haibani hewa ili kupunguza nguvu, inavuta inavyoweza, na nguvu inaamuliwa na dizeli unayoirusha. Kwa hiyo kompyuta inaanza na mguu wako: jedwali la kwanza linasoma pedali na mizunguko, linatoa ombi. Jedwali la pili linasoma hewa iliyopo na kusema, kwa hewa hii ukizidisha miligramu hizi kwa kila mpigo utatoa moshi mweusi. La tatu linalinda injini na gia dhidi ya nguvu za kupita kiasi. Kati ya yote, namba ndogo ndiyo inayopita. Kisha jedwali jingine linageuza miligramu kuwa muda, likiangalia presha ya reli, lile bomba nene linalotunza dizeli yenye presha kwa ajili ya nozeli zote, kwa sababu presha ikipanda, muda uleule unatoa dizeli nyingi zaidi. Na presha zenyewe si za mchezo: mfumo wa reli wa Bosch ulioingia mwaka 1997 kwenye Alfa Romeo 156 ulikuwa wa baa 1,350, na za leo nyingi zimevuka 2,000. Wanaokuuzia nguvu za dizeli kwa laptopu aghalabu wanalegeza lile jedwali la moshi. Ukiona gari limetoka kwao linaacha wingu nyuma, ujue ndilo lililoguswa.

Nikitoa waya wa betri usiku kucha, kompyuta inasahau kila kitu? Jirani yangu ananiambia ndiyo dawa ya gari kula mafuta.

Jedwali la msingi halisahauliki, limeandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji betri. Kinachofutika kwenye magari mengi ni yale marekebisho ya muda mrefu, na hata bila kutoa waya yanaweza kufutwa kwa mashine. Gari likiwa lina mpira uliopasuka, siku ya kwanza utaona mabadiliko kidogo, kisha kompyuta itagundua tena palepale ilipokuwa imegundua, na namba itarudi ilikokuwa.

Kufuta kuna kazi yake, lakini ni baada ya kutengeneza. Umeziba hewa ya wizi, umebadilisha pampu, umesafisha sensa ya hewa: hapo futa, maana kompyuta bado inaongeza petroli kwa ajili ya ugonjwa ambao haupo tena. Kabla ya kufuta, andika namba kwenye karatasi: sailensi ngapi, 2,500 ngapi, mwendo wa barabarani ngapi. Endesha siku kadhaa kwenye mwendo wa kila aina, polepole na kwa kasi, mlimani na tambarare, kisha soma tena ulinganishe. Ikiwa zote ziko ndani ya 5 juu au chini, funga boneti uende zako. Ikiwa hazipo, niandikie na hiyo karatasi, namba zote sita.